Unga Uliomchefua Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mtu wa kinyaa tangu alipojua kushika kijiko. Baba, ambaye ni kaka yake, anasema utotoni hakukubali kunywa maji kwenye kikombe kilichoguswa na midomo ya mwingine, na ukipiga chafya karibu na sahani yake, basi sahani hiyo imekuwa yako. Alipofika miaka ishirini na minne alikuja mchumba, kijana mtanashati, mwalimu wa hesabu, mwenye adabu zake. Mazungumzo yalikuwa yanakwenda vizuri hadi kijana alipochomoa kijiti cha kiberiti mfukoni, akachokonoa sikio, akakitazama, kisha akakinusa. Shangazi alisimama, akabeba trei ya chai iliyokuwa bado inafuka mvuke, akairudisha jikoni. Hakutokea tena sebuleni siku ile. Wazee walimuuliza hadi wakachoka.

"Angekitazama tu ningevumilia," aliniambia miaka mingi baadaye. "Lakini kukinusa, mwanangu? Alitaka kujua nini?"

Hakuolewa. Alikaa nasi, katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja, akafanya kazi ya upishi katika mgahawa mdogo chini ya jengo la ofisi, mkabala na kliniki ya magonjwa ya tumbo. Nilipomaliza shule aliniombea kazi palepale. Mimi nikawa wa kupeleka sahani mezani, yeye akabaki jikoni na masufuria yake.

Jiko lile lilikuwa finyu: sinki mbili, friji inayokoroma kama mlevi, na meza ndefu ya bati. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Shangazi alinusa vitambaa vya jikoni kimoja kimoja. Kitambaa chenye harufu ya unyevunyevu hakikufuliwa, kilitupwa. Kisha aliinama kwenye tundu la sinki, akavuta kwa waya kile kinachokaa humo: nywele, punje za wali zilizovimba, utelezi wa kijivu usiojulikana ulikotoka. Alikuwa anakivuta huku amegeuza uso pembeni na koo likipanda na kushuka. Niliwahi kumwambia aniachie mimi kazi hiyo.

"Wewe utavuta nusu," akasema. "Nusu itabaki, na mimi nitajua ipo."

Jina la Bi Kinyaa alipewa na Bosi mwenyewe, mwenye mgahawa. Bosi alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye marashi makali yaliyolala juu ya jasho la jana kama zulia juu ya sakafu isiyofagiwa. Alikuwa na tabia moja. Akiingia jikoni hakusalimia. Alitia kidole kwenye sufuria, akakilamba, akakitia tena. "Ongeza chumvi, Bi Kinyaa," angesema, kisha akaondoka zake akijifuta kwenye suruali. Akishatoka tu, Shangazi aliinua sufuria nzima na kuimwaga. Siku Bosi akiwa na hamu ya kuonja, sisi tulipika kila kitu mara mbili, na yeye hakujua hata siku moja.

Sasa kuna daktari wa kliniki ile aliyekuwa anakunywa kahawa kwetu. Asubuhi moja nilimsikia akimweleza Bosi kwamba wapo wagonjwa wake wasioweza kula ngano kabisa, hata chembe. Ngano ina kitu chenye mnato ndani yake, na kitu hicho kikiingia katika matumbo ya watu hawa, utumbo unavimba na kuchubuka kama umekwaruzwa kwa ndani. "Wanakuja kwangu na njaa, hawajala tangu jana kwa sababu ya vipimo," alisema. "Wakitoka hawana pa kula. Mkate ngano, keki ngano, biskuti ngano. Wanakunywa chai ya rangi na kurudi nyumbani."

Masikio ya Bosi yalisimama. Baada ya wiki mbili aliingia jikoni na sanduku begani na mashine mpya kwapani. Ndani ya sanduku mlikuwa na mifuko midogo myeupe yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Shemeji yake alikuwa anaagiza bidhaa kutoka nje, ndiye aliyempatia.

"Unga wa mchele mtamu," Bosi akatangaza. "Kutoka Japani. Kuanzia wiki ijayo tunauza wafo zisizo na ngano."

Wafo nilikuwa nazijua, ile mikate yenye vyumbavyumba kama sega la nyuki, inayobanwa katikati ya vyuma viwili vya moto. Shangazi alifungua mfuko mmoja, akachota kwa ncha ya kijiko, akaonja.

"Utamu uko wapi?"

"Ndivyo unavyoitwa tu. Ni ule mchele wa kunata. Wenyewe Wajapani wanaufanyia vitu vyao vitamu."

"Unaitwa mtamu na hauna utamu," Shangazi akasema. "Tumeanza vibaya."

Unga wenyewe ulikuwa laini kama poda ya mtoto mchanga, mweupe mno, na ukiusugua kati ya vidole ulikuwa unatoa kamlio kadogo kalikomfanya Shangazi akunje shingo. Akautia kwenye bakuli na mayai, sukari, beking pauda na maziwa, akakoroga. Rojo lililotokea halikufanana na rojo lolote tulilowahi kuona. Alipoinua mwiko, lilishuka kwa uzi mmoja mrefu unaong'aa, usiotaka kukatika, ukayumba kidogo hewani, kisha ukajikunja polepole juu ya lililobaki.

"Kamasi," Shangazi akasema.

"Shangazi, si kamasi, ni unga na mayai."

"Mimi nimekulea wewe ukiwa na mafua. Kamasi nalijua."

Alimimina kwenye mashine, akafunga, akahesabu dakika kama tunavyofanya kwa unga wa kawaida, akafungua. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Wafo ilipasuka pande mbili, nusu ikang'ang'ania chuma cha juu, nusu chuma cha chini, na katikati ukatanda utando wa nyuzi nyeupe zinazovutika, kama mdomo wa mtu aliyelala chali unapofunguka asubuhi. Shangazi aliuona huo mdomo kabla yangu, maana nilipogeuka tayari alikuwa ameinamia sinki. Nilikwangua mashine kwa kijiti cha mbao kwa muda wa saa nzima. Bosi akaja, akabandua kipande kibichi kwa kucha, akakitafuna mdomo wazi.

"Nzuri hii! Inatafunika!"

Shangazi akatoka nje akasimama barabarani.

Alihangaika siku tisa. Siku za kwanza hakuonja kabisa. Mwonjaji nilikuwa mimi, naye alinisomea uso. Lakini siku ya nne akasema mpishi asiyeonja chakula chake ni mwongo, akaziba pua kwa vidole viwili, akatia kipande kinywani. Alitafuna. Akaendelea kutafuna. Macho yakamjaa machozi.

"Ni kama kutafuna sikio la mtu," akasema alipoweza kusema, akatema kwenye karatasi, akaikunja mara nne na kwenda kuichoma.

Lakini kila siku aligundua jambo. Kwamba unga ule una kiu, ukiupa maziwa ya uvuguvugu na kuuacha robo saa unayanywa na mabonge yanakwisha. Kwamba siagi haipakwi kwenye mashine tu, inayeyushwa na kutiwa ndani ya rojo lenyewe, tena si kwa uchoyo. Kwamba mashine iwe ya moto hadi tone la maji likidondoka lirukeruke. Na zaidi ya yote, usifungue. Mvuke unatoka pembeni, unatoka, unatoka, mkono unakuwasha kufungua, wala usifungue. Mvuke ukikoma wenyewe ndipo wafo imekubali kuachia. Ukiitoa usiiweke kwenye sahani, itatoa jasho na kulegea; ilaze juu ya wavu ipate hewa chini na juu.

Siku ya tisa ilitoka nzima, rangi ya dhahabu iliyokolea. Nilipoivunja ililia kaa! kama kijiti kikavu, na ndani ilikuwa laini, inavutika kidogo, safi. Nilikula tatu nimesimama. Shangazi alikula kona moja, akaimeza kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Imeiva," akasema. "Inachukiza, lakini imeiva."

Akatenga pembe ya meza kwa utepe mwekundu. Ndani ya utepe ule kulikuwa na bakuli la wafo, mwiko wa wafo, upawa wa wafo, kitambaa cha wafo na kopo kubwa la bati lenye mfuniko wa kubana, la unga ule peke yake. Mwenye ngano mkononi asisogee. Mimi niliwahi kupitisha trei ya mikate juu ya utepe, juu tu, sikugusa kitu, akaosha kila kilichokuwemo upya. Mashine aliisugua kwa mswaki, chumba kwa chumba. Daktari alipokuja kukagua, alisimama akatazama kwa muda, akasema hata maabara yake haina utaratibu ule. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu wa nje kumsifu Shangazi kwa jambo ambalo sisi wa nyumbani tulikuwa tunalichekea.

Mteja aliyebaki nasi alikuwa Fundi. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, aliyesahau siku zote kuvua utepe wa kupimia shingoni. Alitoka kliniki Jumanne moja, akasoma ubao wetu mlangoni, akaingia na kuuliza kwa sauti ya chini kama anayeuliza habari za msiba.

"Mwanangu, kamuulize mpishi, kwa Mungu mmoja, kweli hamna ngano?"

Shangazi alitoka mwenyewe. "Hamna. Kijiko chenyewe hakijawahi kuiona."

Nikampelekea wafo mbili na asali. Alivunja kipande, kikalia, akasita. Akavunja kingine akakisikiliza. Kisha akaanza kula, na machozi yakaanza kumtoka, na pua nayo ikaungana nayo. "Miaka tisa," aliniambia akiwa na chakula mdomoni, "miaka tisa sijasikia chakula changu kikilia." Alijifuta pua kwa kiganja, akaendelea kula kwa mkono uleule. Asali ilimtiririka hadi kiwiko, akaifuata kwa ulimi.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, uso umemkunjamana kama aliyelamba ndimu.

"Anachuruzika," alininong'oneza. "Mwanangu, anachuruzika kila mahali."

Lakini Jumanne iliyofuata, ilipogonga saa tatu, ni yeye aliyeuliza, "Yule anayechuruzika hajafika?"

Basi wakazoeana. Fundi alikaa meza ya karibu na jikoni, wakawa wanazungumza kupitia mlangoni, na Fundi alikuwa mtu wa kueleza mambo yake bila kificho. "Dada, mimi nikila ngano tumbo linajaa hivi, kama ngoma, halafu usiku kucha nina—"

"Inatosha."

"Sijamaliza."

"Mimi nimemaliza," Shangazi akasema, akafunga mlango. Baada ya dakika mbili akaufungua tena kidogo. "Kwa hiyo uliponaje?"

Ilipita miezi mitatu hivi. Wagonjwa wakawa wengi, wengine walikuja hata siku zisizo za kliniki. Lakini sanduku la shemeji lilikuwa linachelewa, na Bosi, badala ya kusema, akajitia hamnazo. Jumatatu tulifunga kopo likiwa na vikombe viwili tu vya unga. Jumanne asubuhi tulilikuta limejaa.

"Mzigo uliingia jana jioni mmekwisha ondoka," Bosi akasema akipita. "Nimewajazia."

Shangazi alishukuru. Alikoroga rojo huku ananiambia habari za jirani yetu na paka wake, akaliacha lipumzike, akamimina. Siku hiyo Fundi aliwahi. Walikuwa wamemtoa damu na njaa ilikuwa inamtetemesha. Nikambebea sahani yake. Niliporudi jikoni nilimkuta Shangazi amesimama, upawa juu, anaangalia rojo likidondoka. Alichota tena, akalidondosha tena. Tone, tone, tone.

"Njoo uone," akasema.

"Nione nini? Mbona liko sawa?"

"Halinichefui."

Sikumwelewa.

"Miezi mitatu," akasema polepole, "kila asubuhi nikikoroga kitu hiki koo linafunga. Kila asubuhi. Leo nimekoroga huku naongea habari za paka." Akatia kidole ndani ya bakuli, yeye ambaye hakuwahi kutia kidole ndani ya chakula cha mtu, akasugua, akanusa. "Ngano hii."

Upawa ulianguka chini. Kabla haujatulia, Shangazi alikuwa ameshapita mlangoni.

Fundi alikuwa amejaza kinywa. Mgahawa ulikuwa umejaa pia. Watu wa ofisini na tai zao, mama mmoja na watoto mapacha, wagonjwa wawili na mafaili yao. Shangazi alimfikia akiwa anahema.

"Tema!"

Fundi akakodoa macho. Akatazama huku na huku kutafuta karatasi ya kujifutia, na mezani hapakuwa na karatasi. Mimi ndiye niliyesahau kuweka. Akaona watu wote wanamtazama. Aibu ikamshika, akafunga midomo, nikaona anajiandaa kumeza ili asitie aibu mbele za watu.

Shangazi akaweka kiganja chake kitupu chini ya kidevu cha Fundi.

"Tema hapa, dada. Mkononi mwangu. Tema."

Fundi akatema. Bonge la wafo iliyotafunwa, lenye mate na asali, likaangukia kwenye kiganja cha Shangazi, na uzi wa ute ukabaki umening'inia kutoka kwenye mdomo hadi mkononi. Shangazi hakuondoa mkono hadi ule uzi ulipokatika. Nililiona koo lake likipanda na kushuka. Kisha akafumba kiganja.

"Umemeza?"

"Vipande viwili. Labda vitatu. Dada, kuna nini?"

"Ngano." Akanigeukia. "Binti, mkimbilie daktari." Na kwa wale wagonjwa wengine wawili, kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tena, "Wekeni chini. Msile. Wekeni chini!"

Nilikimbia nikarudi na daktari. Alimkagua Fundi palepale, akatikisa kichwa, akasema kilichoshuka kimeshashuka, hakuna dawa ya kukifuata. Aende akalale na ajiandae. Nilipotazama nikaona Shangazi hayupo. Nikamfuata kwenye kijichumba cha Bosi karibu na stoo. Alikuwa amesimama mbele ya meza, ngumi bado imefumbwa.

"Kidogo tu," Bosi alikuwa anasema. "Nimeongezea ngano juu ya ule unga wenu uliobaki. Mzigo umechelewa, ulitaka nifanyeje?"

"Ungefuta ubao."

"Nifukuze wateja? Sikiliza, Bi Kinyaa. Magonjwa haya ya siku hizi nusu yake ni maringo. Bibi yangu alikula ngano hadi akafika miaka tisini."

"Na huyu amekula ya kwako."

Akafumbua kiganja juu ya meza, mbele ya kikombe chake cha chai. Bosi aliruka na kiti chake nyuma hadi ukutani.

"Toa huo uchafu hapa!"

"Uchafu gani? Si chakula chako hiki? Ulikichanganya mwenyewe, kwa mikono yako, mlango umeufunga." Sauti ya Shangazi ilianza kutetemeka. "Nimefanya kazi jikoni mwako miaka kumi na moja. Nimevuta nywele kwenye sinki yako. Nimeokota panya aliyeoza nyuma ya friji yako. Nimekuona ukilamba kidole na kukirudisha kwenye sufuria, kila siku, kila siku, na sijawahi kutapika kazini kwako. Sijawahi."

Hapo akainama, akavuta kikapu cha taka kilichokuwa chini ya meza ya Bosi, akatapika. Alitapika kwa muda mrefu, mkono mmoja ameshika ukingo wa meza. Bosi alibaki ukutani ameziba pua. Alipomaliza, Shangazi alitoa kitambaa chake mfukoni, akajifuta mdomo, akajifuta kiganja, akakiacha kitambaa ndani ya kikapu kilekile. Akavua aproni. Hakuikunja, na mimi sijapata kumwona akiacha nguo bila kuikunja.

Fundi aliumwa siku nne. Aliishi peke yake kwenye chumba kimoja, cherehani dirishani, vitambaa vya watu vimening'inia kila upande. Tulimkuta amejikunja kama mtoto, tumbo limevimba, midomo imetoka vidonda, beseni kando ya kitanda. Sitaeleza kilichokuwa ndani ya beseni. Shangazi alilitazama, akafunga macho, akalibeba, akaenda kulimwaga. Nilimsikia huko chooni anatapika yake juu ya yale ya mwenzake. Kisha nikasikia maji yanachemshwa. Alirudi mweupe kama unga wenyewe, beseni linang'aa, akaliweka mahali pake.

"Dada, acha," Fundi akasema. "Jirani yangu ataosha."

"Nyamaza. Ukiongea unanizidishia."

Siku nne alifanya hivyo, asubuhi na jioni, na kila mara alinawa hadi viwiko, na kila mara nilimwona akisimama kidogo nje ya mlango, akivuta pumzi ndefu kabla ya kuingia tena. Hakuwahi kusema kwamba haimchukizi. Siku ya tano Fundi alikunywa uji wa mchele, ukakaa.

Daktari aliwakataza wagonjwa wake mgahawa ule, naye hakurudi kunywa kahawa. Ubao wa wafo ukaondolewa, ukawekwa mwingine wa soseji. Hakuna zaidi kilichompata Bosi. Mgahawa upo hadi leo, na saa ya mapumziko unajaa. Nikipita nje nayasikia marashi yale.

Nami niseme ukweli wangu: mimi sikuacha kazi siku ile. Niliendelea kupeleka sahani kwa Bosi mwezi mzima, nikijiambia kwamba nyumba haiwezi kukosa mishahara ya watu wawili kwa mara moja. Shangazi hakunilaumu hata neno. Ila mwezi ule mzima hakupokea kikombe kutoka mkononi mwangu. Nikimpelekea chai alisema asante, akainuka akajitengenezea nyingine. Mwezi ulipokwisha niliacha. Nilirudi nyumbani saa sita mchana, nikamwambia, akaitikia kwa kichwa akaendelea kukata vitunguu. Jioni nilimpelekea chai akaipokea, akakigeuza kikombe akaangalia ukingo wake kama kawaida yake, akanywa.

Daktari ndiye aliyempatia chumba kidogo ndani ya kliniki, kando ya dirisha la dawa. Kina sinki moja, meza moja na mashine mbili, na ngano haijawahi kuvuka kizingiti chake. Anapika wafo asubuhi kwa wagonjwa wanaotoka vipimoni. Unga anaagiza mwenyewe kutoka duka linaloleta vyakula vya nje, na siku usipokuwepo anabandika karatasi dirishani: Leo hakuna unga. Hapiki kingine badala yake. Sasa ni mwaka wa nne, na mimi ndiye msaidizi wake, baada ya yeye kuwafukuza wawili walionitangulia kwa kosa la kulamba mwiko.

Niliwahi kumuuliza kama ameuzoea unga ule.

"Kuzoea?" akasema, uso umegeukia ukutani, mkono unakoroga. "Siku nitakapouzoea uniambie niache kazi. Nitakuwa sioni tena."

Wiki iliyopita mzigo ulifika na mfuko mmoja ulikuwa umepasuka kwenye mshono, tundu lisilozidi punje ya mchele. Mfuko huo ulikuwa umesafiri kwenye gari lililobeba na magunia ya unga wa ngano.

"Mama, tundu dogo hivi!" mleta mizigo akalalamika. "Mwaga kidogo cha juu, cha chini kizima."

Shangazi aliutazama mfuko kwa muda. Akautazama na wa pili yake uliokuwa umegusana nao. Kisha akamrudishia sanduku zima, akabandika karatasi yake dirishani. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walinung'unika, mmoja akasema kwa sauti kwamba mama huyu ana madaha kuliko daktari. Shangazi alimsikia. Alifunga dirisha, akanituma niwapelekee ndizi na mayai ya kuchemsha, akaenda nyumbani mapema kufua aproni zake.